Mjukuu Wetu Nova

Isevya, Tabora

Dada Mwanne,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute magoti yamepoa na mavuno ya hapo Tura yameingia ndani salama. Sisi wazima, isipokuwa masikio yangu, nitaeleza. Ningepiga simu, lakini nakujua, ungekata kabla sijafika mwisho.

Najiat wangu amejifungua mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Ameitwa Nova. Umesoma sawasawa. Kalitoa kwenye simu. Nilipouliza maana, akasema ni Kilatini, yaani mpya, na tena ni nyota inayowaka ghafla. Nikauliza ni la kike au la kiume. Akasema, baba, hili ni la wote. Nikamwambia hata baiskeli huwa nauliza kwanza kama ni ya kike au ya kiume! Ukoo wetu umetumia majina kumi na moja kwa vizazi vinne, hatujapungukiwa, leo tunaazima kwa Walatini. Na mkwe wetu Idrisa, mtu mzima na ndevu zake, anasema lina mvuto.

Siku ya saba mbuzi akachinjwa. Wazee wakanitaka nilirudie jina hilo mara tatu, kama vile nimelitunga mimi.

Tangu hapo mtoto akawa analia, siku tisa mfululizo. Zahanati wamempima, hana kitu. Mke wangu Batuli akasema lile tunalolijua sote: kuna mtu wa ukoo anadai jina lake, tumtajie mtoto majina ya wazee, jina atakalonyamazia ndilo lake. Nikampakata mwenyewe. Nikaanza na Nyamizi, jina la mama, alilorithi kwa bibi yake aliyewauzia uji wapagazi wa misafara hapo hapo Tura. Mtoto akazidisha kilio. Nikarudia mara nne. Nikayamaliza yote kumi na moja. Kwa kuchoka nikasema, haya, Nova, unataka nini? Akanyamaza kimya. Najiat alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi sikucheka, dada. Najiat alipozaliwa nilikuambia mama mwenyewe hakutaka jina lake lirithiwe. Nilisema uongo. Mama aliliomba. Nikamjibu kwamba Nyamizi ni jina la shamba, mimi nimeshafungua karakana mjini, mwanangu atachekwa shuleni. Akasema haya, akaenda kupanda treni. Hakumaliza mwaka. Miaka ishirini na saba umemnung'unikia yeye badala yangu.

Naona mama amenijibu: kwangu haji. Nasikia Asmahani wako ana mimba ya miezi minane. Akizaa wa kike, mtajieni jina la mama. Nitaleta mbuzi, nitakaa nje ya mlango nisikilize kama atanyamaza.

Batuli anakuamkia. Nova naye angekuamkia, ila amelala, na simwamshi ng'o.

Mdogo wako,
Twalibu