Wito wa Athumani, Likoni

Bi Zuhura, mke wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Unguja. Nimefika salama, ingawa mvua ya Likoni haina adabu. Jana nilisimama mbele ya nyumba ya marehemu rafiki yangu Athumani, kanzu imerowa, na miguu ikakataa kuingia kwa kuwa yeye hayumo tena. Ndipo binti yake Mwanaisha akaniita kutoka mlangoni: "Ndoo, ami! Ndoo ndani, mbona wasimama mvuani?"

Unajua kwamba watu wa Mvita husema "ndoo" badala ya "njoo". Athumani aliponiita hivyo mara ya kwanza, nilimsahihisha hadharani kwamba ndoo ni chombo cha maji. Akaingia ndani, akatoka na ndoo, akaiweka miguuni pangu. "Nimeiita, imekuja. Haya, mwalimu, iamkie!" Mtaa mzima ulicheka.

Mwanaisha aliponiona sijasogea, alishika mdomo. "Niwie radhi, ami. Njoo."

"La," nikamwambia, "niite kama alivyoniita babako."

Akaniita tena, kwa sauti kubwa, nami nikaingia.

Walinipa wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikala hadi nikaona haya. Hitima ni kesho. Nawe ukisoma Yasini, mtaje Athumani. Jifunike vizuri usiku, kifua chako hakipendi baridi. Nakukumbuka kuliko ninavyojua kuandika.

Mumeo,
Seif