Zahanati Iliyokamilika Bungeni

Jumanne, 16 Aprili 2024

Leo Mheshimiwa ametaja kijiji chetu Bungeni. Kwa jina. Nilikuwa napiga randa mlango wa mteja wa Kwamsisi, redio juu ya benchi, kipindi cha maswali na majibu. Nikaacha randa katikati ya ubao.

Miaka mitatu na nusu namfuatilia mbunge wetu huyu. Nina kipande cha mninga nachora kwa penseli: mstari kwa kila shukrani, mstari kwa kila swali. Shukrani zimejaza upande wa mbele, zimehamia nyuma. Maswali ni manne. Moja lilikuwa la uwanja wa ndege — sisi ambao hata basi linatuogopa.

Leo kashukuru tena. Serikali sikivu imetujengea zahanati, imekamilika, inatoa huduma, akina mama wanajifungua kwa raha. Sasa anaomba gari la wagonjwa. Makofi.

Zahanati gani? Nimekwenda kuangalia, labda imeota. Ni lile lile boma: kuta, lenta, nyasi hadi magotini, na mbuzi wanne wa Mzee Mhina. Hao ndio wanaohudumiwa. Mmoja kweli ana mimba.

Yusra wangu naye ana mimba, mwezi wa nane. Ya kwanza. Amerudi kujifungulia kwa mama yake, kama desturi. Mumewe, Mustafa, kabaki kwenye mkonge Korogwe. Tulimwita kwa kujiamini — njoo mwanangu, ukifika zahanati itakuwa imepauliwa. Matofali tulifyatua wenyewe. Kuta tulisimamisha wenyewe, kijiji kizima. Serikali ilibakiwa na paa. Paa tu!

Jumatano, 17 Aprili

Jabiri wa bodaboda anauliza kama gari la wagonjwa nalo limeshafika, sisi tu hatujaliona. Kijiji kizima kinamsema Mheshimiwa. Mimi ndiye naongoza kwaya.

Mzee Mhina, mwenyekiti wetu, peke yake hakuitikia. Kaniuliza biashara ya milango inakwendaje.

Nimekumbuka jambo. Siliandiki.

Ijumaa, 19 Aprili

Haya, naliandika.

Mwaka jana mwezi wa saba tulipata ugeni kutoka juu, wanakagua miradi. Kwetu mgeni huwezi kumwonyesha nyumba isiyo na paa. Ni kama kumpokea umejifunga shuka la kulalia. Mhina akaazima mabati ya madrasa, yaliyokuwa stoo yakisubiri mbao. Akamwita fundi. Fundi ni mimi. Nikasimamisha miti ya porini, nikapigilia upande wa barabarani. Upande wa nyuma wazi kabisa — mgeni hazunguki nyuma. Na kweli hawakuzunguka. Walipiga picha, wakala, wakaondoka. Kesho yake kabla ya alasiri mabati yalikuwa yamerudi stoo. Matundu yangu ya misumari yamo mpaka leo.

Mwalimu Frank, kijana wa Bumbuli anayefundisha hapa, kaiona picha yenyewe kwenye simu, ukurasa wa Mheshimiwa. Paa linang'aa. Mistari imenyooka. Kazi safi, ukiniuliza mimi.

Lakini yeye ni mbunge! Mbunge hakagui jimbo kwa picha. Ni hatua ishirini tu kuzunguka nyuma, nimezipima leo. Mimi nilifanya adabu, yeye kafanya uvivu. Hayo hayawezi kuwa kosa moja.

Yusra ananiuliza kwa nini natembea nahesabu hatua bomani. Nimemwambia napima.

Jumanne, 23 Aprili

Tumekwenda Handeni mjini, mimi na Mhina, mshikaki, watatu kwenye pikipiki ya Jabiri. Tumempata bwana mmoja wa mipango, Laurenti, kijana mpole, shikamoo kwa kila mzee. Akafungua kompyuta. Kijiji chetu: imekamilika. Kumbe boma letu lilikuwa kwenye orodha ya kupauliwa mwaka huu! Baada ya hotuba ya Mheshimiwa wakaliondoa, zamu ikaenda kijiji kingine. Nani ampaulie mtu aliyekwishashukuru?

Katuonyesha na maneno yenyewe ya Bungeni, yamechapwa. Hata makofi yamechapwa, kwenye mabano. Makofi yanatunzwa nchi hii kuliko wazazi.

Dawa ipo, anasema. Kijiji kiandike barua kuwa zahanati haijakamilika, mwenyekiti atie saini, na aeleze ile picha ilitokea wapi. Mhina akaomba maji ya kunywa.

Njiani tulisimama Chanika kununua misumari. Ndipo Mhina alipofungua mdomo. "Fundi, hiyo barua ina majina mawili. Langu na lako."

 Nilijifanya nachagua misumari.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua siku ya nne. Mto umekula daraja la njia ya mjini. Jabiri kakaa kibarazani anaifuta pikipiki isiyokwenda popote.

Yusra alikuwa aende Korogwe, kwa mama yake mdogo kule Kilole, asubirie karibu na hospitali. Begi lilikuwa tayari. Sasa begi liko mlangoni, kila anayepita analiruka.

Kwa hiyo tumebaki na Yasinta. Muuguzi, mtu wa Lushoto, mikono yake naiamini. Ila anafanyia kazi chumba kimoja cha ofisi ya kijiji: kitanda kimoja, pazia moja, kabati la dawa. Ukuta wa pili Mhina anasuluhisha kesi za ng'ombe.

Mke wangu, Munira, leo kanisema kwa Kizigua. Kizigua anakiweka kwa mambo mazito. Hakusema mengi: kwamba paa la wageni nilijua kulipigilia kwa siku moja.

Nimeandika ile barua. Nimeeleza yote, na jina langu nimelitanguliza. Imekaa mfukoni, inasubiri saini ya Mhina.

Alhamisi, 2 Mei

Mheshimiwa anakuja Jumamosi! Kujionea zahanati yake. Atazungukia Kwamsisi, mwendo wa nusu siku kwa gari la juu.

Nikasema, Mungu si Mhina. Aje tu, awakute mbuzi.

Saa kumi jioni Mhina kaja karakana na ustadhi wa madrasa. Nilijua kabla hawajaketi. Mara moja tu, fundi. Mabati yapo, miti ipo. Maelezo yake ni haya: ukimwaibisha mkubwa mbele za watu, hakusahau wala hakusaidii; ila akiondoka ameshiba na ana furaha, unamsindikiza mpaka garini na kumnong'oneza kwamba paa limeleta shida kidogo. Ndivyo tunavyoishi. Ukweli unapakuliwa baada ya pilau.

Nikamwonyesha barua, atie saini. Hakuipokea. Kasema ataisoma wageni wakishaondoka.

Nami nimekataa kupigilia. Nimewaambia hata wakileta mabati ya dhahabu. Ustadhi kaondoka amefurahi. Mabati yake yamechoka kutobolewa.

Ijumaa, 3 Mei

Nimepigilia.

Asubuhi Mhina kageuza ofisi ya kijiji kuwa chumba cha chakula cha wageni. Kitanda cha Yasinta, pazia, kabati, vyote kavihamishia bomani, ionekane kazi inaendelea. Mvua ikaanza. Yasinta kaja mwenyewe mpaka karakana, kalowa, gauni jeupe limemganda. "Baba Yusra, vitu vya kumzalishia mwanao vinanyeshewa. Piga bati, siasa mtafanya baadaye."

Kwa hiyo nimepiga kwa ajili ya kitanda, si kwa ajili ya Mheshimiwa. Msumari haujui tofauti.

Chumba kimoja upande wa barabarani hakivuji. Redio inasema kuna kimbunga baharini.

Jumamosi, 4 Mei

Uchungu umeanza alfajiri. Kitanda kiko bomani, hakuna mjadala. Tumemtembeza Yusra mpaka kule, Munira kwapa moja, mimi kwapa la pili. Yasinta akavuta pazia, akanitoa nje.

Saa tano gari likaingia. Watu wamekaa mbele ya boma, barabarani, kama Mhina alivyowapanga. Mheshimiwa si mtu mbaya kwa sura. Anacheka na watoto. Akaanza: Serikali sikivu. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, sikio moja kwake, moja ndani. Alipofika kwenye gari la wagonjwa, mtoto akalia.

Mheshimiwa akakatisha hotuba. Akainua kidole juu. "Mnasikia? Huduma ndiyo hiyo!"

Makofi. Mjukuu wangu hajamaliza pumzi ya kwanza ameshapigiwa makofi ya mbunge. Ni wa kike.

Nikanyoosha mkono. Sentensi yangu nilikuwa nayo, nimeipiga randa wiki mbili: Mheshimiwa, naomba tuzunguke wote nyuma. Wakanipa kipaza sauti. Ndipo nikaona mkono wa Yasinta umetoka pembeni ya pazia, una damu mpaka kiwikoni, unaniashiria: bado. Bado hajamaliza. Na mimi nataka kupitisha watu mia mbili nyuma, kusiko na milango wala paa, mwanangu amelala hivyo.

"Mheshimiwa," nikasema, "tunashukuru."

Akanishika mkono kwa mikono miwili. Mzee wangu, alisema, wewe ndiye mfano.

Mfano wa nini, sikuuliza. Amekula, ameondoka. Mhina alimsindikiza mpaka garini. Kama alimnong'oneza kitu, kioo kilikuwa kimeshapanda.

Saa tisa unusu. Upepo umeanza, mawingu yanatoka upande wa bahari, meusi. Yasinta anasema Yusra amepoteza damu nyingi, asisogezwe mpaka kesho. Ustadhi anasema mabati ni amana, yalikubaliwa kurudi kabla ya alasiri. Kweli ni amana. Sibishi.

Nimekaa kizingitini, nyundo chini ya paja, daftari juu ya goti. Ngazi ninayo humu ndani. Wameleta nyingine. Mhina kasimama mbele yangu, kaniomba niwapishe. Nimemwambia wageni wameshaondoka, na nimempa barua. Akitia saini, ustadhi atajua paa linahitajika na kwa nini, na kijiji kitajua. Asipotia, apande yeye mwenyewe, ang'oe juu ya kichwa cha mzazi, watu wakimwangalia.

Anaisoma. Anasoma polepole, midomo inacheza. Amefika kwenye jina langu. Amefika kwenye lake. Ustadhi ameegemeza ngazi ukutani, hajapanda. Matone yameanza juu ya bati.

Mhina ameomba kalamu. Hajasema ni ya kutia saini au ya kukata jina lake. Kalamu ninayo hii moja. Nampa.