Mama Amepewa Sadaka Mlangoni Kwake

Jumatatu, Mfunguo Nne, mwaka huu wa Wadachi kutuingilia Bagamoyo. Kusi linavuma kavu, na vumbi la chokaa limeingia mpaka ndani ya mtungi wa maji. Nimefagia tangu asubuhi na nyumba bado nyeupe. Nimechoka, na nina hasira ambayo sina wa kumpa.

Kichochoro chetu hakipo tena. Sasa kinaitwa barabara. Wiki iliyopita msimamizi kutoka bomani alipita na kamba yake ya kupimia, akasema mikokoteni haipiti hapa, na nyumba ya Mama, inayotazamana na yangu, ikavunjwa: baraza, ukumbi na ukuta wote wa mbele. Kilichobaki ni chumba cha nyuma. Upande wangu kamba haikuugusa. Majirani wananipa pole nusu na hongera nusu, sijui nipokee ipi.

Mama haoni. Macho yake yalizima kabla sijaolewa, lakini katika mtaa huu hajawahi kushikwa mkono. Kichochoro kilikuwa chembamba kiasi kwamba akinyoosha mikono anagusa ukuta wake na ukuta wangu kwa pamoja. Basi alikuja hivyo kila asubuhi, akipapasa huku na huku mpaka mlangoni kwangu. Anapiga hodi, anakaa kwenye mbuzi, ananikunia nazi huku akinisema kwamba mkono wangu mzito wa chumvi. Aliyekutana naye njiani alirudi nyuma kumpisha, hata wanaume.

Walipomaliza kuvunja nilimwambia asitoke peke yake, anisubiri nimfuate. Akanicheka.

"Utanifundisha wewe mtaa niliokuzalia?"

Leo asubuhi sikusikia hodi.

Nikachungulia. Mama alikuwa katikati ya barabara, mikono ameinyoosha, anatafuta kuta. Anageuka, ananyoosha tena. Wapagazi wa msafara walikuwa wanaingia kutoka bara na pembe za ndovu mabegani, wanampita pande zote mbili. Mmoja wao, kijana mwenye kidonda begani, akasimama. Akatoa kipande cha muhogo wa kuchemsha kwenye kifurushi chake, akakiweka katika kiganja cha Mama. Akavikunja vidole vyake taratibu, akaenda zake.

Alidhani anaomba.

Mama yangu, ambaye kila Ijumaa watu hula kwake! Nilitoka mbio kichwa wazi, bila hata leso, mume wangu ananiita nyuma. Nilitaka kumtukana yule kijana. Nimtukane nini? Alitoa chakula chake mwenyewe, na mbavu zake zinahesabika.

"Nani huyo aliyenipa?" Mama akauliza.

"Mpita njia, Mama."

"Mwambie ahsante. Mungu amzidishie."

Nikamshika mkono. Hakuukataa, na hilo liliniumiza kuliko yote. Tulipofika ndani hakwenda kwenye mbuzi. Alikaa mkekani, akaukata ule muhogo, nusu akanipa, maana riziki haitupwi. Tukala.

Kisha akasema, "Mwanangu, nimepewa sadaka mlangoni kwangu. Mpelekee kaka yako habari. Aje anichukue."

Kaka yangu ana shamba Makurunge. Nilimbembeleza Mama ahamie kwangu, chumba kipo, na mume wangu mwenyewe alikuja kumsihi. Hakutaka hata kusikia. Amesema kuishi kwa mkwe ni kula huku umeinamisha kichwa, yeye hawezi. Nilikasirika, nikamwambia kule shamba hakuna hata ukuta mmoja wa kushika. Akajibu kwamba kule angalau hakuna anayemjua.

Nililia. Yeye hakulia.

Alasiri nilimrudisha kwake kufunga vitu vyake. Barabara ilikuwa tupu, vumbi tu. Nilimshika mkono wa kushoto. Ule wa kulia, wa upande wa ukuta wake, aliuacha umenyooka hewani njia nzima, mpaka tukafika. Sikumwambia aushushe.

Nazi ya chakula cha jioni nimekuna mwenyewe. Mume wangu amekula akasema chumvi imezidi, kisha akanyamaza, maana amekumbuka maneno hayo ni ya nani.

Kesho kaka anakuja na punda. Nitamshika Mama mkono mpaka apande. Baada ya hapo mkono huu sijui nitaufanyia nini.