Anapika Yeye, Nasifiwa Mimi

Bi Targelia mpendwa,

Nakuandikia nimekaa kwenye ukingo wa bafu, maana hapa ndipo mahali pekee humu ndani ambapo mume wangu haingii bila kubisha, na uniwie radhi maneno yangu yakirukaruka, kwa sababu tangu Jumapili situlii, naosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, nafungua friji nasahau nilichofuata. Jumamosi hii natakiwa kwenda kwa Bi Germania, yule mwenzetu wa kutoka Ambato, mji wa kwetu, mwenye mkahawa hapa Lorca, nimpikie mchuzi wa mbuzi mbele ya macho yake, akiridhika anipe mkataba wa kazi, na mimi, Bi Targelia, sijui kupika mchuzi wa mbuzi. Anayejua ni mume wangu.

Mimi ndiye niliyetangulia kuja Hispania. Nilimwacha mume wangu Klever kule kwetu Loja, ng'ambo ya bahari, na binti yetu Nayeli, bado mchanga, nikawa namtunza bibi mmoja wa Kihispania aliyekula supu ya maboga mchana na jioni, kwa hiyo upishi wangu uliishia kwenye maboga, na huku nyuma Klever akajifunza kumpikia mtoto, mlango umefungwa na pazia limeshushwa, jirani asije akamwona ameshika mwiko. Aliponifuata huku alikuwa mpishi hasa. Humu ndani anapika, anapiga pasi, anamsuka Nayeli nywele, sina la kulalamika. Akivuka kizingiti tu anakuwa mtu mwingine, na Jumapili kiwanjani, kwenye voliboli yetu chini ya misonobari, simtambui kabisa.

Unawajua wanaume wetu. Anayemsikiliza mkewe wanamwita chenza, tunda linalomenyeka bila kisu. Rafiki yake Lauro alionekana mara moja tu akianika nguo, na hadi leo kabla ya mchezo wanamviringishia chenza miguuni. Klever akaniambia, "Mama Nayeli, mimi hilo siliwezi." Basi ikawa anapika yeye alfajiri, madirisha yamefungwa, mimi nabeba sufuria na kuuza sahani pale kiwanjani kama mchuzi wangu, na wanawake wananiuliza siri yake nami nawaambia ni bia na subira, maneno niliyoyasikia kwake.

Jumapili iliyopita mkono wa Klever ulizidisha chumvi. Lauro akaonja, akaniambia, "Shemeji, naona leo chumvi uligawiwa bure." Watu wakacheka. Klever akaweka sahani chini akanigeukia mbele ya wote. "We mwanamke, akili umeiacha wapi? Unataka niufiche wapi uso wangu?" Nikasema nisameheni, sitarudia. Nilimwomba radhi mtu kwa chumvi aliyoitia mwenyewe, na binti yangu amesimama pale, anajua kila kitu, ananitazama tu. Iliniuma, na bado inaniuma. Tuliporudi nyumbani akanikanda miguu akasema, "Si unajua, yale ni maneno ya kiwanjani."

Sasa, siku hiyo hiyo Bi Germania alikuwapo, akala sahani yake yote, akasema chumvi ni bahati mbaya lakini mkono wa mpishi anauona, niende kwake Jumamosi. Kabla sijafumbua mdomo Klever akajibu, "Atakuja. Huyu alizaliwa jikoni." Na kazi tunaihitaji kufa na kupona, kwa sababu yule bibi niliyekuwa namtunza wanawe wamempeleka nyumba ya wazee, sina kazi tangu Pasaka, Klever anavuna letasi shambani kwa kibarua cha kutwa bila karatasi yoyote, na vibali vyetu vya kuishi vinaisha kiangazi hiki, na pasipo mmoja wetu kuwa na mkataba haviongezwi. Basi kila jioni ananifundisha, nyama inatoka ngumu kama soli, ananifokea kwa kunong'ona ili majirani wasisikie kwamba fundi ni yeye. Nikamwambia nenda wewe basi. Akasema, "Afadhali turudi Loja." Nikisema ukweli namvunja mume wangu mbele ya wenzake, nikinyamaza naumbuka mimi na vibali vinakwenda. Nifanye nini?

Asiyetulia, Lorca

*

Asiyetulia,

Kwanza toka bafuni, utapata baridi ya mgongo.

Pole kwa ile chumvi. Ulionewa, na mumeo anajua ulionewa, ndiyo maana alikukanda miguu. Mwambie maneno ya kiwanjani hayabaki kiwanjani. Binti yenu amerudi nayo nyumbani, na siku moja ataomba radhi kwa makosa ya mtu mwingine akidhani ndivyo wanawake wanavyofanya.

Lakini na wewe usijifanye malaika. Walipokusifu ulikaa kimya, tena ukagawa na siri ya bia na subira. Mmeusuka uongo huu wawili, mtaufumua wawili.

Mumeo anamwogopa Lauro. Ajabu yake, Lauro mwenyewe anaviringishiwa machenza miaka nenda rudi na kila Jumapili yuko pale anacheza, hajafa. Afadhali turudi Loja, anasema. Loja akafanye nini, ashushe pazia tena? Ingia majiko ya mikahawa mikubwa ya hapo Lorca, yamejaa wanaume. Mwanamume akipikia wageni kwa mshahara ni mpishi, akimpikia mkewe ni chenza. Anieleze mantiki hiyo, mimi nimeshindwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na bwana huyu anakitaka cha mvunguni ila anataka uiname wewe.

Jumamosi usipike. Kupika hujui, kwa wiki moja hutajua, na Bi Germania si mjinga. Atakuona unavyokata kitunguu na mambo yataishia hapo. Nenda naye Klever, mwambie mama wa watu ukweli mlangoni kabla hajawasha jiko, kisha mumeo aingie jikoni, wewe ukae mezani na mkoba wako. Bi Germania anatafuta mchuzi, hatafuti mwanamke. Klever akigoma kwenda, piga simu uifute miadi, kisha ukatafute mkataba wa kutunza wazee, kazi unayoijua. Utakuwa umepoteza nafasi, lakini hutakuwa umeiba. Na Jumapili sufuria aibebe mwenyewe, aseme mbele ya wote kwamba ile chumvi ilikuwa yake. Asipotaka, siku hiyo wasile.

Unasema utamvunja. Mwanangu, mtu anayepika amejifungia madirisha kiangazi cha huko, mgongo umechoka na letasi, ili mradi asichekwe, huyo ameshavunjika. Mpe nafasi ya kuunga.

La mwisho. Majina yote nimeyabadilisha, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu. Mbuzi sikuweza kumbadilisha, na mchuzi wake kiwanjani wanaujua wote. Gazeti hili linagawiwa bure Alhamisi, na nakala nyingi huachwa kwa vinyozi, wanakopiga soga wachezaji wote wa voliboli. Hilo ulilijua ulipoandika. Anayetaka siri yake ikae haandiki gazetini. Kwa hiyo, kahawa unayokunywa ukisoma haya iache hapo mezani, nenda shambani ukamwambie mumeo wewe mwenyewe, kabla huyo niliyempa jina la Lauro hajafika na gazeti mkononi.