Shemeji Anaongea Hatua ya Sitini na Tatu

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako na usinicheke, maana hapa kazini nikisema wataniona nimerukwa na akili. Mimi ni fundi wa redio za magari ya wagonjwa, na shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa dereva wa gari mojawapo, na miezi minne iliyopita lilipinduka mbali na mji, akafa amebanwa humo, watu wakasema redio yake iliharibika, kumbe redio ilikuwa nzima, mharibifu ni mimi. Tuna kisanduku cha kidijitali cha kupunguza nguvu ya mawimbi, unabonyeza namba, sifuri mpaka sitini na tatu, kila hatua mawimbi yanafifia kidogo, ndivyo tunavyopima kama mtambo unasikia sauti za mbali, na asubuhi ile nilikifunga kwenye waya wa antena ya kituo chetu kinachopokea sauti za madereva, nikapima, nikaitwa kazi nyingine, nikakiacha kwenye arobaini. Magari ya karibu yalisikika vizuri, hakuna aliyeshtuka, ila yeye wa mbali alituita wee, hakusikika. Nilipopata habari nilikichomoa kimyakimya.

Sasa kila nikikitumia mezani, mchana kweupe, kikombe cha chai mkononi, nikishusha mawimbi sauti zote zinafifia isipokuwa yake, ndiyo kwanza inasogea karibu, na nikifika sitini na tatu, ambapo hupaswi kusikia hata mkwaruzo, nasikia mpaka anavyomeza mate. Anasema, "Kituo, mnanisikia? Mguu umebanwa." Halafu, "Mwambieni mama watoto asinisubiri nje, mvua itamnyeshea." Mwenzangu wa meza ya pili hasikii kitu. Na dada kila Jumapili ananishika mkono, "Mdogo wangu, wewe ndiye fundi, kweli hakusema chochote?" Namjibu, "Hakusema, dada." Nikikivunja hicho kisanduku, atanyamaza?

Fundi mwoga

Fundi, pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliwasha taa ingawa ilikuwa saa sita mchana. Kama ile ni sauti ya shemeji yako au ya dhamiri yako, mimi sijui, na sitajifanya najua.

Lakini usinizungushe. Kusahau ni kosa la siku moja. Kuficha miezi minne, huko uliamua mwenyewe, kila Jumapili, macho makavu mbele ya dada yako. Halafu unaniuliza habari za kuvunja kisanduku! Ebo! Hicho kimekukosea nini?

Kesho asubuhi mwandikie mkuu wako ulichofanya, chote, ili kila mnapomaliza kupima awepo mtu wa pili wa kukagua ule waya. Kuna madereva wako mbali hivi sasa unavyosoma.

Ila dada yako ni leo. Nenda mwenyewe, usipige simu. Anza na kosa lako, usianze na sauti, asije akadhani unatafuta huruma. Akikufukuza, kubali. Akikataa kukusamehe, hiyo ni haki yake. Lakini usitoke bila kumpa yale maneno kama ulivyoyasikia, na umwambie hujui yanatoka wapi. Ni mali yake, amekuwa akikuomba na wewe umeyakalia.

Mwanamke huyo bado anasubiri, fundi. Nenda kamwambie aingie ndani.