Diski Niliyoichomoa

Dada mpenzi,

Sisi wazima. Mvua imepungua, na ofisini bado wananiita Karani Mwoga.

Nilipotaka kompyuta ya nyumbani iwe na mifumo miwili ya uendeshaji, wa zamani na wa kazini, ulinionya: "Mdogo wangu, chomoa kwanza diski yenye sauti za marehemu baba." Nilichomoa. Lakini diski zilifanana kama shilingi kwa ya pili, nikachomoa ile tupu. Mfumo mpya ukafuta sauti zote.

Kila jioni mama huja na kigoda chake. "Fundi wangu, bado tu? Nataka nimsikie mzee akikohoa kabla ya kuimba."

Namwambia waya umelegea.

Dada, ule ujumbe wa sauti ambamo baba alikugombeza, usiufute. Nitumie.

Mdogo wako,
nisiyethubutu kumtazama mama