Wanacheza Ngoma Palipokuwa na Mashine ya Dhahabu

Alhamisi, mwezi wa sita, 1974. Mbeya. Baridi ya leo inauma mpaka kwenye meno. Moyo wangu nao haujatulia.

Niseme ukweli mapema: kama si mimi, dhahabu ya Chunya ingebaki ndani ya mawe mpaka leo. Mkanda wa mashine ya kuponda mawe ulipokatika, Wazungu wakashika viuno wakiangaliana. Nikavua mkanda wa suruali yangu, nikaufunga pale, mashine ikanguruma wiki nzima. Suruali nilishikilia kwa mkono mmoja, kazi nikafanya kwa mkono mwingine. Mzungu mkubwa wa mgodi akavua kofia yake kichwani, akanivika mimi. Ndiyo hii niliyosafiri nayo. Iringa nzima wanaijua habari hiyo, maana nimewaeleza.

Basi mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba ile nyumba ya mashine siku hizi ni nyumba ya utamaduni, watu wanacheza ngoma ndani na wageni wanakuja kutazama, atakubali tu?

Mimi sikukubali.

Lakini sikuja kwa ajili ya mashine. Nimetumwa na dada yangu Veronika. Binti yake, Yustina, tulimleta Mbeya kujifunza cherehani kwa masista. Tangu Pasaka kaacha cherehani, kahamia Chunya kwenye kikundi cha ngoma. Dada analia, anasema mtoto kalishwa kitu. Akaniambia, "Kaka, wewe ndiye mjomba. Ukaone kwa macho yako. Kama pale ni pabaya, rudi naye. Neno lako ndilo la mwisho."

Nikapanda basi Iringa nikiwa na neno la mwisho mfukoni.

Leo asubuhi nimepanda lori kutoka Mbeya kuvuka mlima, vumbi mpaka masikioni. Nilipofika sikuutambua mji. Zamani hapa ulikuwa husikii hata mtu akikutukana, kwa kelele za mashine. Leo nimesikia jogoo. Nyumba ya mashine imepakwa chokaa, mlangoni wamepanda maua. Maua! Na kijana wa mlangoni akanikaribisha, "Karibu, ndugu mgeni, kuingia ni bure."

Hapo ndipo nilipoanza kushtuka. Kitu cha bure nakijua mimi. Nikamuuliza analipwa na nani. Akacheka. Mtu asiyejibu swali ana jambo.

Ndani mashine hakuna. Wameacha gurudumu moja tu kubwa ukutani, wamelipaka mafuta linang'aa kama la jana. Kuna vikapu vya kwetu Iringa, mitungi ya Wanyakyusa, ngoma za kila ukubwa. Wageni kutoka mjini wanazunguka, wanashika kidevu, wanasema "ahaa." Nikapiga sakafu kwa kisigino. Ikaitika kama kuna tundu chini. Nikajisemea, hawa bado wanachimba, hii ngoma ni ya kufunika kelele tu. Nikapiga tena kule pembeni, nikatega sikio. Mama mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nikamjibu, "Bado sijapoteza."

Yustina akanikimbilia, akapiga goti, akaniamkia Kihehe. "Kamwene, Mjomba!" Nikamtazama macho, nikamtazama ulimi alipokuwa akiongea. Hakuna dalili ya kulishwa kitu. Kanenepa kidogo. Hilo nalo nikaliweka kwenye mashaka.

Wakaanza kucheza. Mpigaji mkubwa ni mzee mmoja mfupi, Mzee Komba, anapiga huku amefumba macho. Yustina yuko mbele, wenzake wanamfuata yeye. Akawa anainama na kuinuka kama mama yetu marehemu alivyokuwa akitwanga, bega lile lile la kushoto likitangulia. Sikumfundisha mimi. Dada naye hachezi. Sijui kalitoa wapi bega lile.

Nilikuwa nimezama hapo, nikasikia kichwa kimepata baridi.

Kofia haipo!

Nageuka, Mzee Komba kaacha ngoma, kaivaa yeye, anatembea nayo kwa madaha mbele ya wageni.

Nikapiga kelele, "Mwizi! Mwizi huyo! Shikeni!" Ngoma zote zikanyamaza. Nikamwambia Yustina, "Funga mizigo yako sasa hivi. Nilijua. Tangu mlangoni nilijua."

Yule mzee hata hakukimbia. Akasimama, mikono kiunoni. "Mhehe ananiita mimi mwizi? Mimi Mngoni wa Songea? Babu yako alipotuona tunakuja alipanda juu ya mawe akajifanya nyani!"

Watu wakaangua kicheko.

Mtani! Haki ya Mungu, nilisahau. Sisi na Wangoni babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakabaki kutaniana. Mtani akichukua kitu chako hupigi kelele za mwizi, unakigomboa kwa masharti yake. Mtoto mdogo wa kwetu analijua hilo. Mimi, kwa kupima sakafu na kukagua ndimi za watu, nikamwitia mtani wangu watu wamshike.

Nikajikaza. "Babu yangu hakujificha. Alikuwa anachagua jiwe linalotosha kichwa chako."

"Kichwa changu kinatosha kofia," akasema, akaivua, akachungulia ndani. Akaona gazeti nililokunja na kulipachika pembeni. "Wewe mbona unaijazia karatasi? Kichwa kimesinyaa?"

"Ya baridi hiyo," nikasema.

Akainua kofia juu. Akatangaza sharti, kila mtu akisikia. "Nimesikia umekuja kumchukua huyu binti. Sawa. Chagua, Mhehe. Kofia au binti. Vyote viwili kwenye lori havipandi."

Yustina hakucheka kama wengine. Alikuwa amefunga mikono kifuani, ananitazama. Akasema polepole, "Mjomba, ukisema twende, nitakwenda. Lakini kule kwa masista nilikuwa nashona huku nalia, na hakuna aliyeniuliza."

Hakuniomba. Angeniomba ningejua la kufanya.

Nikakohoa. Nikasema kwa sauti ya baraza kwamba mimi, niliyeiendesha mashine ya nyumba hii, nimekagua kila kitu, sakafu na watu wake, na kwa busara yangu namwacha binti hapa. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Komba akanivika kofia kwa mikono miwili, akaninong'oneza, "Ukimkosea huyu mtoto, safari ijayo nachukua suruali." Yustina akanishika mkono, hakuuachia mpaka lori lilipowashwa.

Sasa ni jioni, nimekaa kwenye gesti karibu na stendi, kesho narudi Iringa. Dada nitamwambia nini? Nitamweleza lile bega. Nitamwambia hakulishwa kitu. Ile sakafu bado siiamini, nitarudi kuipima.

Ila hapa niandike jambo ambalo Veronika hatalisikia. Kofia si yangu. Mzungu hakunipa hata kifungo. Ni ya katekista wetu, ana kichwa kikubwa, nimeiazima ili nionekane mtu. Jumapili anaivaa kwenye harusi, na aliniapisha mbele ya mke wake kwamba itarudi.

Watu wote wa pale wanasema mjomba yule ana busara.

Ningekuwa nimevaa kofia yangu mwenyewe, ningemwacha Yustina?